Daftari la Maji

Jumatatu na Alhamisi,
siku ambazo mamangu, Barke binti Shee,
alizizoea kwa saumu ya sunna,
sasa ni siku za mashine.
Twatoka Kibokoni wauza mahamri wakiwa bado wakanda unga,
twapanda tuktuk hadi Makadara,
na damu yake yatoka nje kwa muda wa saa nne,
yapita kwenye mirija
kama mgeni anayetembezwa mji asioujua.

Nilipewa daftari.
"Kila kinachoingia kinywani, andika,"
alisema Nesi Kadzo.
"Chai, uji, mchuzi, hata barafu.
Asipite nusu lita kwa siku."
Akanipa na kikombe cha plastiki chenye mistari.
Nusu lita. Mombasa. Mwezi wa Januari,
hata kuta zatoka jasho.

Siku ya tisa alikuja Maalim Hafidhi na sahani nyeupe,
zafarani imeizunguka kwa mwandiko mwembamba.
Akaiosha kwa marashi na maji ya kisima,
akammiminia mamangu bilauri nzima.
Niliidaka kabla haijafika mdomoni.
"Maalim, hii ni nusu ya siku yake."
Akanitazama kama aliyeniona nikikanyaga msala na viatu.
Mama akasema:
"Haya ni maneno ya Mungu, si maji."

Mimi makombe siyaamini sana.
Nimeuza dawa dukani miaka kumi na mmoja,
nasoma zile karatasi za ndani ya boksi
ambazo hakuna azisomaye.
Nilimpelekea Kadzo kesi yangu,
na msalaba mdogo shingoni mwake,
nikitaraji acheke.
Hakucheka. Akachukua kalamu,
chini ya chai, chini ya uji,
akaandika kwa herufi kubwa: KOMBE.
"Neno la Mungu silipimi," akamwambia mama,
"ila maji yaliyolibeba, hayo nayapima."

Usiku ule mama aliomba daftari,
akalisoma polepole, kidole kikifuata mistari.
"Niondolea chai," akasema. "Niwekea kombe."
Chai!
Mwanamke aliyewahi kuondoka matangani
kwa sababu chai haikuwa na hiliki.
Makaripio ya daktari, vitisho vya wajomba,
ile picha ya figo ukutani,
vyote vilishindwa kumpokonya kikombe cha saa kumi.
Akakiweka chini mwenyewe
ili sahani ipate nafasi.
Vijiko vitatu alfajiri, vitatu baada ya Isha,
akiyazungusha ulimini
kama anayetafuta jina alilolisahau.

Figo hazikurudi.
Nasema wazi, msije mkaniuliza Maalim akaa wapi.
Lakini uvimbe ulishuka, viatu vikamwingia,
na kilo alizokuwa akizipeleka kwenye mashine
zikapungua, kutoka nne hadi mbili na nusu.
Kadzo aliandika "vizuri".
Hakuandika ni kwa sababu gani,
nami sikuuliza.

Ramadhani ikaingia.
Daktari akamkataza kufunga, Maalim naye akamkataza:
mgonjwa ana ruhusa.
Mara ya kwanza wawili hao kupatana.
Mama akacheka kwa kinywa kikavu:
"Watu wafunga mwezi, mimi nafunga mwaka,
na bado mwanambia si funga."
Tulitazama sakafu.

Jioni akataka tupime fidia,
mchele wa siku moja, maskini mmoja.
Kibaba cha nyanya kilikuwa kimepasuka zamani.
Akanyoosha mkono wenye plasta,
akakitwaa kile kikombe cha plastiki,
akakifuta kwa ncha ya leso.
Akachota. Akapitisha kidole juu, mchele ukawa sawa.
Kisha akaongeza gao moja,
ukapita mstari wa mwisho,
ukamwagika mkekani.

"Huu," akasema, "usiuandike."